Linaloulizwa ni Jicho

Kwa kushona, Bi Vifungo hakuwa na mpinzani. Jina alilipata kwa sababu mafundi wa mtaa mzima walimletea mashati awatobolee matundu ya vifungo, na katika umri wa miaka arobaini na sita bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Ndiyo maana hakuna aliyemwonea huruma alipojikwaa kwenye stuli, akamwaga chai, au akampita mtu bila salamu. Macho anayo, walisema, ila ana maringo.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyelishikia bango neno hilo. Jioni wifi huyo alipofiwa na mume wake, alikuwa ameketi chini kati ya waombolezaji. Akamnyooshea Bi Vifungo mkono, naye akapita kama anayepita gunia. Tangu hapo ni miaka miwili ya kununiana. Bi Vifungo aliomba radhi mara tatu kwa kosa asilolikumbuka, hadi akaanza kujishuku mwenyewe. Labda kweli nina roho mbaya, aliwaza, ila sijijui.

Sasa walikuwa hospitali, wawili hao. Daktari hakupendezwa na alichokiona nyuma ya jicho, akaagiza kipimo. Dawa ya kutanua mboni ingemtia ukungu njiani, mumewe Bi Vifungo yuko kazini, basi akamwomba dada yake amsindikize. Dada hajui kumkatalia kaka. Alikuja, mdomo ameuvuta.

Mpimaji, binti mpole mwenye koti jeupe, aliwakalisha gizani nusu saa nzima ili macho yazoee. Kisha akambandika Bi Vifungo waya kwenye paji la uso, akamwekea kiuzi chembamba chini ya kila mboni, akamsogeza mbele ya bakuli kubwa jeupe.

"Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikipata mwanga hutoa umeme kidogo," alieleza. "Huo ndio tunaupima. Tunaanza na mwanga hafifu."

Bi Vifungo alikaza shingo. Mitihani ya macho aliizoea, ubao wa herufi aliusoma hadi mstari wa chini kabisa, na leo hakutaka kuaibika mbele ya wifi. Mashine ikalia ta!

"Nimeuona!"

"Mama, bado sijawasha."

Mashine ikalia tena.

"Huo hapo," alisema wifi kutoka kiti cha pembeni.

"Nimeuona," alidakia Bi Vifungo.

"Usijibu, mama. Hapa huulizwi wewe. Linaloulizwa ni jicho."

Akatoa macho. Giza tupu.

"Mwingine," wifi alinong'ona. "Na mwingine. We wifi, kweli huoni? Umejaa bakuli zima!"

"Mnanifanyia mzaha?" Alidhani wamepanga, wifi na yule binti, na papo hapo akajiona mjinga kwa kudhani hivyo. Ulipokuja mwanga mkali aliuona, akaruka kwa furaha. Mpimaji hakufurahi naye.

Chumba cha pili, daktari alitandaza karatasi mbili mezani. Ya mtu mzima wa afya ilikuwa na mistari inayopanda na kushuka. Yake ilikuwa imenyooka karibu yote.

"Katikati ya jicho bado pazima, ndiyo maana unatunga uzi," alisema. "Pembeni pamekufa, na mwanga ukiwa hafifu huoni kitu. Aliyekaa chini, tena jioni, huwezi kumwona."

"Tangu lini?" aliuliza wifi haraka.

"Miaka kumi, pengine zaidi."

"Na dawa?" aliuliza Bi Vifungo.

"Ya kurudisha kilichokufa hatuna. Na kilichobaki kitaendelea kupungua, polepole."

Nje, kwenye benchi la korido, wifi aliangua kilio. "Nisamehe, wifi yangu. Nimekutangaza kila mlango."

Bi Vifungo hakujua ashike lipi. Neno hilo alilitamani miaka miwili. Lilipofika alifurahi, akaogopa, kisha akaona haya kwa kufurahi siku kama hiyo.

"Kwa hiyo sikuwa na maringo," alisema, kama anayeuliza.

"Hukuwa nayo, wifi. Hukuwa nayo hata kidogo."

Bi Vifungo akamshika mkono.

"Afadhali ningekuwa nayo, wifi. Maringo ningeyaacha."