Nilipomlinda Mungu Chumbani

Juzi nilikuwa nasali jirani akabisha hodi. Nikaanza kuwaza: nikimfungulia, si namkimbia Mungu? Nisipomfungulia, je? Nilichoka hata kabla ya kuamua, kisha nikakumbuka alasiri moja nikiwa mtoto, kwetu Kamembe.

Maman, mama yangu, alikuwa amefunga, anasali amepiga magoti juu ya kitenge chake kilichonukia sabuni. Mvua ilipiga mabati. Jirani yetu Mwislamu, Maman Zuhura, akaita dirishani kwamba mtoto wake ana homa kali. Maman akainuka bila kusema amina.

“Na Mungu unamwacha na nani?” nikamuuliza.

“We, acha maneno! Maman Zuhura, niko nakuja!”

Nilidhani Mungu ameachwa mle ndani kama mgeni asiyepewa hata chai. Nikaketi mlangoni, miguu nimeinyoosha, asipate pa kupita.

Maman alirudi jioni akinuka moshi na matapishi ya mtoto.

“Unafanya nini hapo?”

“Ninamuzuia Mungu asiende.”

Alicheka kwa uchovu. “Kumbe! Mbona tulitoka naye?”

Juzi hiyo, mlangoni pangu, jirani akabisha tena. Nikainuka kabla ya amina, magoti yakiniuma.