Kisakinishi Kisicho na Saini

Praxeda hakuja Kigali kuuza sura. Alitoka Muleba kufuata ajira ya ofisini, akaiacha, akajifungia sebuleni kwake Kagarama kuandika programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Aliilenga zahanati ndogo, zile ambazo intaneti yao huja ikipenda. Programu ilikuwa nzuri, wala simsifii bure, na zahanati kadhaa ziliichukua.

Kilichomtoa jasho ni kisakinishi, lile faili moja unalolibofya, programu ikajipanga yenyewe ndani ya kompyuta. Tena si kimoja, jamani, vitatu! Zahanati ya Kinyinya walikuwa na Windows, ile ya Remera wafadhili waliwapa Linux, na daktari mmoja alikuwa na Mac aliyoletewa na shemeji yake kutoka Ubelgiji. Kila mashine na maringo yake. Alihangaika navyo mpaka vyote vikakubali.

Ikabaki saini ya kidijitali, ya kuihakikishia kompyuta kwamba faili limetoka kwa Praxeda kweli na halikuguswa njiani. Saini hizo hutolewa na makampuni ya ng'ambo. Wao walitaka namba yake ya simu iwemo katika kitabu cha simu wanachokitambua. Kitabu gani tena? Mtu wa Kagarama anajulikana na majirani zake na mkuu wa umudugudu, yaani mtaa wake. Aliwaandikia, akawaandikia tena, akakata tamaa.

Bila saini, kompyuta za Kinyinya zikawa zinaonya: mtengenezaji hajulikani, faili linaweza kuleta madhara. Na watu wa Kigali ukiwaambia hatari, hawasogei. Nyirahabimana, muuguzi mtu mzima aliyekabidhiwa ile programu pale, aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Dada Praxeda, mashine inasema iko hatari."

"Usiogope, mama. Inatisha tu. Bofya hapa, halafu hapa, 'endelea hata hivyo'. Kila nikiwatumia toleo jipya kwa barua pepe itasema hivyohivyo, na wewe fanya hivyohivyo."

"Yego," akaitikia Nyirahabimana. Akarudia mpaka mkono ukazoea. Praxeda akamsifu, masikini, asijue anachokifundisha.

Jumatatu moja ikaingia barua pepe yenye jina la programu ile: toleo jipya. Haikutoka kwa Praxeda. Onyo likajitokeza, lilelile. Nyirahabimana hakusita. Kabla ya chai ya saa nne, rekodi zote za wagonjwa zilikuwa zimefungwa kwa nywila na mwizi anayedai pesa, ambaye hata nchi yake haijulikani. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye flashi iliyochomekwa palepale, nayo ikafungwa.

Praxeda alifika kwa pikipiki, anahema. Wajawazito walikuwa kwenye benchi, na hakuna aliyejua nani alishapewa dawa gani. Mukasine, mwenye zahanati, hakumsalimia. Nyirahabimana ndiye aliyemfuata, macho mekundu.

"Nilifanya vile ulinifundisha, dada. Sikukosea hata kidogo."

Praxeda akakosa pa kuuweka uso wake. Amwambie nini? Kwamba onyo la kwanza lilikuwa la kupuuza na hili la leo ni la kweli, na yote mawili maneno ni yaleyale? Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu mama hata hakuwa wa kwao.

"Iondoe programu yako," Mukasine akasema. "Na Remera nimeshawaambia, wao pia watakuita."

Kompyuta moja, ya mapokezi, ilikuwa imepona. Nyirahabimana akaketi kwenye kiti chake cha kila siku, akafungua sehemu ya kuondoa programu. Hapakuwa na onyo lolote, ila swali moja: Una hakika?

"Hii nibofye, dada?"

"Bofya, mama."

Nyirahabimana akamtazama usoni, akatazama kioo, akamtazama tena. Kisha akaachia kipanya na kuinuka kitini.

"Hapana," akasema kwa upole. "Bofya wewe."