Nilivyoukanyaga mfuko wa taka mbele ya Biryogo nzima

Bila mimi, Kigali ingeshachafuka zamani. Viongozi huja na kuondoka, mimi nipo.

Leo baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa wetu wa Biryogo ulikaa kuamua mpango wangu wa taka: kila nyumba inunue mifuko, mwenye taka nyingi alipe zaidi.

Lakini watu wabishi, jamani.

"Mfuko iko kidogo," akasema jirani yangu Mama Zainabu. "Mimi nina watoto saba."

Nikamwambia taka ni hewa tupu, ukizikanyaga zinaingia za wiki nzima.

"Basi kanyaga tuone, Baba Salima."

Mimi sichokozwi. Nikaleta mfuko wa kwangu, nikaingia na buti, nikaruka. Taka zikashuka. Hata mkuu wa mudugudu, kiongozi wetu wa mtaa, akaanza kutikisa kichwa kukubali.

Nikaruka tena. Nani alinituma?

Mfuko ukapasuka. Maganda ya ndizi yakamwagika, na katikati ya mkutano vikabingirika vichupa vya rangi nyeusi ya ndevu.

"Baba Salima," akasema Mama Zainabu, "si ulituambia weusi huo ni wa ukoo?"

Mpango ukakataliwa, eti mifuko ni laini. Nyinyi wa mitaa ya Kanombe na Muhima, niambieni, hapo kosa langu liko wapi?

Haya. Ndevu zangu ni nyeupe. Na nywele pia.