Barafu Inayolia Kama Debe Tupu

"Mjinga siku ile nilikuwa mimi, msitafute mwingine," anasema Qu Delu, akigonga barafu kwa kisigino. Inalia kama debe tupu.

Kumepambazuka katika mji huu wa makaa ya mawe, jimbo la Heilongjiang, kaskazini mwa China, na baridi inang'ata masikio. Kwenye uwanja wa shule ya msingi, Qu, mwenye umri wa miaka 63, anavunja kwa sururu barafu aliyoitengeneza mwenyewe.

Kila majira ya baridi yeye huugeuza uwanja huu kuwa wa kuteleza kwenye barafu. Huvuta pipa la maji ya moto juu ya kigari cha kuburuta, na blanketi lililolowa hufuata nyuma likiyapaka maji chini. Ya baridi huganda kabla ya kutandaa. Ya moto hutandaa membamba, yakashikana na barafu ya chini, ndipo tabaka jingine hufuata.

Kwa miaka mingi mkewe, Shufen, alitembea nyuma yake akinyoosha blanketi lisijikunje. Mwezi wa tano Shufen alifariki kwa ugonjwa wa mapafu.

Wiki hii Qu alianza peke yake. Blanketi likajikunja, akanyoosha, likajikunja tena. Akalitupa kando, akafungulia mpira wa maji baridi mpaka mwisho.

"Nilitaka nimalize tu, nirudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe sijui nilikuwa nawahi nini."

Maji mengi yaliganda juu tu. Ya chini yakatorokea mtaroni, yakaacha uwazi. Jana mguu wa msichana wa darasa la tatu ulizama humo, kifundo kikateguka.

Mwalimu mkuu amempa hadi Jumatatu aitengeneze upya. Vinginevyo somo la kuteleza linafutwa. Ukumbi wa kuteleza wa mjini hutoza yuan arobaini kwa saa, na Qu mwenyewe hulipwa 2,400 kwa mwezi. Wazazi wengi hapa hawamzidi kipato.

Binti yake anamwita akaishi naye Hainan, kusini kwenye joto. Safari hii Qu anataka kwenda.

Song Guizhi, mama anayechochea boila ya shule, anafika na maji yanayofuka mvuke. Akisikia barafu inavyolia, anamuuliza kama siku hizi shule inafundisha kupiga ngoma.

"Cheka tu, dada. Mimi nilikuwa punda wa pipa. Kazi ilikuwa mkononi mwa Shufen."

"Mkono huo alizaliwa nao?"

Qu anaweka sururu chini. "Nilimfundisha."

Song analiokota blanketi, limekauka kwa baridi kama ubao, analitumbukiza kwenye maji ya moto.

"Basi nifundishe na mimi, Hainan haikimbii. Vuta pipa, Mzee Qu, maji yanapoa."