Proksi Iliyojifunza Kujisomea

Ofisi yetu ilikuwa Nyegezi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watu wanne, na kazi yetu ilikuwa kutunza mfumo wa majibu ya maabara wa vituo vya afya vya kando ya ziwa, vingine ng'ambo, upande wa Sengerema, vingine visiwani. Nilifika pale nimetoka chuoni. Aliyenipokea na kunifundisha kazi alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka kama ishirini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia nimwite dada, maana ofisini hakutaka kuzeeka.

Kazi yake kubwa ilikuwa proksi. Hiyo ni seva inayokaa mlangoni: ombi la kituo chochote hufika kwake kwanza, nayo hulipeleka kwenye seva ya ndani inayohusika. Ili ijue kipi kiende wapi, ilisoma faili la mipangilio, na faili hilo lilikuwa la dada. Kituo kikiongezeka, au seva ikihamishwa, alilifungua, akaandika anwani mpya, akahakiki mara mbili, ndipo akaiamuru proksi isome upya. Hakuna mwingine aliyeligusa.

Mwaka wangu wa tatu nikaanza kuona mambo. Alikuza maandishi mpaka skrini ikabaki na mistari michache tu. Akisoma, aligeuza kichwa pembeni. Asubuhi moja kituo kimoja cha Sengerema kilipiga simu kuwa majibu hayafunguki. Nilitafuta saa nzima, nikakuta kwenye anwani pameandikwa tatu badala ya nane. Nikasahihisha. Bosi alikuwa safarini.

"Umeona nini?" dada aliniuliza.

"Tatu mahali pa nane, dada."

Alifunika kompyuta yake. "Ni presha ya macho. Daktari kasema kilichopotea hakirudi. Matone ninayoweka ni ya kulinda kilichobaki."

"Bosi anajua?"

"Hajui. Na wewe hujui."

Nilikwenda nyumbani nikiwaza namna ya kumwokoa. Nilijua zipo hazina za mipangilio zinazohifadhi vitu viwili viwili: ufunguo, yaani jina la kituo, na thamani yake, yaani anwani. Proksi ikiunganishwa na hazina ya namna hiyo huiangalia muda wote. Thamani ikibadilika, inajipanga upya bila mtu kufungua faili. Kichwani nilimwona dada akiandika amri moja fupi kwa vidole vilivyoizoea kibodi, bila kutafuta mstari kati ya mistari mingi. Nikamwomba bosi ruhusa, nikasema ni kwa ajili ya kupunguza makosa. Dada mwenyewe sikumwambia ni kwa ajili yake. Niliona nitamwaibisha.

Kuunganisha hakukuwa kugumu kama nilivyodhani, lakini wiki ya kwanza nilifanya kosa baya. Niliizima hazina na kuiwasha tena bila kuhakikisha kwamba imehifadhi kitu. Iliamka tupu. Proksi ikausoma ule utupu kama amri, ikafuta njia zote. Simu zikaanza kulia, meza hii na ile. Faili la zamani nilikuwa nimeshaliondoa, na sikukumbuka nakala yake niliiweka wapi.

Dada alivuta kiti akaketi nyuma yangu. "Andika," alisema.

Akanitajia anwani zote, kituo kimoja baada ya kingine, macho kayafumba. Hakukosea hata moja. Kufikia saa sita mchana simu zilikuwa zimenyamaza.

Baada ya hapo niliipanga proksi ishike mipangilio ya mwisho inayoijua endapo hazina ni tupu au haipatikani. Kisha, kwa kuwa sasa nilikuwa na hofu, nikaenda mbali zaidi: nikazifanya seva za ndani zijiandikishe zenyewe kwenye hazina zinapowaka. Hata ile amri moja fupi haikuhitajika tena. Nilifurahi mno hata sikuona maana yake kwa dada.

Kwenye kikao kilichofuata bosi aliuliza, "Kwa hiyo sasa nani anahariri lile faili?"

"Hakuna, bosi," nilijibu haraka, nikiona fahari. "Inajisomea yenyewe."

Bosi akamtazama dada. Dada hakunitazama.

Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Nilimfuata bosi nikamweleza siku ile simu zilipolia, nani alituokoa.

"Ni kweli," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Ila si umeniambia haiwezi kutokea tena?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo, na kwa maandishi.

Nilimwambia dada naweza kuirudisha kama zamani, niseme mpya ina hitilafu. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye mfuko wa sandarusi, kikombe, matone, kanga ya kujifunika kwa ajili ya kiyoyozi.

"Usiharibu kitu kinachofanya kazi," alisema. "Kuna watu wanasubiri majibu yao."

Alihamia kwa mdogo wake wa kike, jirani na Bujora. Nilikwenda kumwona mara kadhaa. Mara ya kwanza alinitambua kwa umbo, mara ya pili kwa sauti. Mara hiyo ya pili nilimwambia ukweli kwamba yote niliyafanya kwa ajili ya macho yake.

"Nilijua," alisema. "Ulinihurumia. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia niache na faili langu mpaka lenyewe linishinde."

Niliomba msamaha, akasema yamekwisha, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni aondoke.

Nilipokwenda mara ya mwisho, mdogo wake alinipokea mlangoni, akaniambia dada amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikampa samaki, sato niliowanunua njiani, nikasema nitarudi Jumapili. Sikurudi.