Komanda wa Mashua Zilizolala

Josias Muamba alitoka jeshi la maji huko Kalemie akiwa na cheo kidogo sana. Hata hivyo, aliporudi Kolwezi, mtaa wake wote wa Manika ulilazimika kumwita Komanda.

Kampuni moja ya shaba ilimwajiri kwenye ziwa Nzilo, ilikokuwa na mashua mbili za doria. Moja iliendeshwa na Chancelle, mwanamke wa maneno machache, aliyezunguka ziwa kila siku. Nyingine ilikuwa ya akiba, imefungwa gatini, na huyo Josias ndiye mkuu wake. Kazi yake ilikuwa kupanda asubuhi, kutafuta kivuli na kukoroma.

Uvivu peke yake haukumtosha, alitaka usifiwe. Akamwendea mkurugenzi kulalamikia gharama za dizeli na vipuri.

"Patron, angalia. Ile ya Chancelle inakulaka mazout, inakulaka pièces, inachokesha batu. Ya kwangu inalalaka tu. Gani njo ya bei kidogo?"

Chancelle alikuwa amesimama mlangoni. "Tata Josias, mashua yenye inalala inaozaka. Siku utaiita, haitaamuka."

"We unajua nini? Mi nilikuwaka ku marine!"

Mkurugenzi, ambaye ziwa alilijua kupitia dirisha la gari, alifurahi. Mashua zote mbili zikafungwa, Chancelle akapelekwa Fungurume kuendesha lori.

Mvua zilipoanza, alasiri moja upepo ulipindua mtumbwi wa wachuuzi wa samaki karibu kabisa na gati.

"Komanda, leta mashua!" watu wakapiga kelele.

Mashua ya akiba ikakohoa, ikanyamaza. Ile ya Chancelle, betri ilikuwa imekufa. Josias akabaki akipuliza filimbi, kana kwamba mawimbi yangemtii. Wavuvi ndio waliowaokoa wote kwa mitumbwi yao. Wa mwisho kutolewa, akitapika maji, alikuwa Naomie, mkewe. Samaki wake ndio waliolisha nyumba. Mshahara wa Komanda uliishia kwenye bia.

"Mama Naomie, ni betri tu..." Josias alianza.

"Nyamaza. Nilikuwa nakufa, nasikia filimbi yako."

Akajifunga kitenge kilicholowa, akapanda pikipiki ya taxi-moto, na kesho yake akaenda kwa dada yake huko Mutshatsha. Hakurudi.

Josias alifukuzwa. Chancelle aliitwa tena, akazitembeza mashua zote mbili kwa zamu. Na Komanda? Yuko Manika hadi leo, akimweleza kila anayekunywa naye kwamba enzi zake ziwa lile halikuteketeza hata tone la mazout.