Mkono Nilioupandisha Mkutanoni

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye mama na baba wa wadogo zangu. Niliacha shule mapema ili niuze maziwa ya ngamia hapa Garissa, na hujisifu kwamba siyumbishwi na mtu. Juzi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi kwa jambo moja tu: kumtetea mdogo wangu Hodan abaki kwenye timu ya mpira ya wasichana.

Mwalimu akauliza, "Nani hataki wasichana wacheze?"

Mikono ikapanda pande zote. Jirani yangu akanipiga kiwiko. "Nyoosha, abaayo, dada yangu! Watasema mayatima hawana wa kuwafunza adabu."

Nikanyoosha, tena juu kuliko wote. Sikuwa nimebadili mawazo; niliogopa tu kubaki peke yangu.

"Dada wa Hodan," mwalimu akasema, "tueleze sababu."

Nikasimama, nikababaika kuhusu heshima, jua na vumbi. Hodan, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini.

"Abaayo," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "si jana tu ulikuwa kipa wangu uani, buibui umelifunga kiunoni?"